Jua Lilikuwa Mgongoni

Kuna saa moja ya siku ambayo mtu wa baiskeli huwa na thamani ndogo kuliko shimo la barabarani. Shimo, angalau, madereva hulikwepa. Ni saa ile ya jioni ofisi zinapofungwa. Asubuhi madereva wana haraka, lakini bado hawajaudhiwa na mtu. Mchana barabara ina nafasi. Jioni kila mmoja anatoka kusemwa na mtu asiyeweza kumjibu, na sasa ana usukani mkononi, honi chini ya kiganja, na mbele yake kiumbe wa magurudumu mawili asiye na hata kipande cha bati cha kumkinga. Hapo ndipo ujasiri wote uliokosekana mbele ya meneja hupatikana.

Huyu tutakayemsema alikuwa dereva wa kampuni ya vigae. Kutwa nzima alimwendesha Mkurugenzi, na kutwa nzima alisema ndiyo bosi, samahani bosi, sawa bosi. Akirudi nyumbani aligeuka mtaalamu wa barabara. Mdogo wa mkewe aliishi nao katika chumba cha uani, na kazi yake ilikuwa kusuka nywele za watu majumbani kwao, akizunguka mji kwa baiskeli yenye kikapu mbele. Hawakukaa kula hata siku moja bila Dereva kuwa na neno juu ya baiskeli hiyo.

"Ninyi ni kama kuku barabarani," alikuwa akisema. "Mtu hajui mtakimbilia wapi."

"Tunakwenda mbele tu, shemeji," Msusi alimjibu. "Hatuna gia ya kurudi nyuma."

Mkewe Dereva, aliyepiga pasi kwenye duka la dobi na kurudi kila jioni miguu imevimba, alicheka mpaka akapaliwa. Dereva hakupenda kuchekwa mezani kwake. Kuchekwa kazini alikuwa amezoea, huko ilikuwa sehemu ya kazi yake.

Siku ya tukio Mkurugenzi alitaka kuwahi mpira kwenye klabu yake. Alikuwa amejaza kiti cha nyuma, simu mkononi, miguu imepanuliwa. Foleni ilikuwa imelala. Pembeni, kwenye kipande chembamba cha lami kilichobaki kati ya magari na mtaro, baiskeli zilikuwa zikipita moja moja bila papara.

"Mbona baiskeli zinatupita?" Mkurugenzi aliuliza.

"Foleni, bosi."

"Foleni naiona. Nauliza kwa nini zinatupita. Unaendesha gari au unasukuma toroli?"

Dereva akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka ionekane kuwa amefurahia kutukanwa.

"Toka humu. Kata pale kwenye duka la dawa, tupite uchochoroni," Mkurugenzi alisema. "Mpira unaanza."

Dereva akatoka kwenye foleni na kuingia pale pembeni, mahali ambapo saa hiyo palikuwa pa baiskeli na watembea kwa miguu. Mtu mmoja akaruka mtaro. Mwingine akalipiga gari kwa kiganja na kutoa neno lisiloandikika. Mbele yao kulikuwa na mwanamke kwenye baiskeli, kajifunga kitambaa cha kijani kichwani. Dereva akapiga honi. Mwanamke hakuwa na pa kwenda. Upande huu mtaro, upande ule magari. Akapiga tena, ndefu, mpaka watoto waliokuwa kwenye gari la jirani wakaziba masikio.

"Huyo naye anangoja aandikiwe barua?" Mkurugenzi alisema.

Foleni ikasogea, upenyo ukapatikana. Dereva akajipenyeza, akawa sambamba na baiskeli, na kabla hajamaliza kuipita akakata kona mbele yake. Ubavuni kukasikika mlio mdogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu.

Kwenye kioo cha pembeni akaiona baiskeli imelala. Vitana na mafungu ya nywele za bandia vimetapakaa kwenye lami. Mwanamke alikuwa amekaa chini, mikono kaiweka mapajani kana kwamba si yake. Akainua uso, kisha mikono. Macho yao yakakutana ndani ya kile kioo.

Alikuwa shemeji yake.

Mguu ukaenda wenyewe kwenye breki. Gari likasimama mwanzoni mwa uchochoro.

"Nini tena?"

"Nimemgusa mtu wa baiskeli, bosi."

"Amekufa?"

"Hapana. Amekaa."

"Aliyekaa si mzima huyo? Watu wamejaa pale, watamwinua. Twende."

Ilitosha kusema maneno matatu: ni shemeji yangu. Alikuwa nayo ulimini kabisa. Akafikiria uso wa Mkurugenzi ukikunjamana kwenye kioo cha ndani, akafikiria mguno wake, ule mguno wa pua aliokuwa akiutoa mtu anapomchelewesha. Huo mguno tu. Hakuna aliyemtishia kazi, hakuna aliyemshikia bunduki. Mwanamume mzima mwenye ndevu aliogopa mguno.

"Sawa, bosi," alisema, akaondoa mguu kwenye breki.

Kwenye ua wa klabu, magari yalipoegeshwa, Dereva alisugua ubavu wa gari kwa kitambaa na mate. Rangi ya baiskeli ilitoka, mkwaruzo ukabaki. Ndani watu walishangilia bao. Simu yake ikalia, alikuwa mkewe.

"Mdogo wangu kagongwa! Niko naye hospitali. Mikono yote miwili, bwana. Yote miwili!"

"Kagongwa na nani?" aliuliza. Hakuuliza anaendeleaje, aliuliza alichohitaji kujua.

"Nitajuaje? Mshenzi fulani kamgonga na kukimbia. Mwenye duka la dawa ndiye aliyemleta. Njoo na hilo gari utuchukue."

"Bosi bado yuko ndani."

"Muombe."

"Anaangalia mpira."

Mkewe akasema, taratibu, "Haya. Basi mwache aangalie," akakata simu. Wanawake wakarudi nyumbani kwa gari la kukodi, Msusi kando ya dada yake, mikono yake imeinuliwa mbele kama mtu anayesubiri kupewa mtoto ampakate.

Mkono wa kulia ulikuwa umevunjika kifundo, wa kushoto umepata ufa. Yote ilifungwa plasta mpaka kwenye vidole. Daktari alikuwa amesema mifupa itaunga, lakini juu ya wepesi wa vidole hakutaka kuahidi. Alipoambiwa mgonjwa ni msusi, alisema pole kwa namna ambayo ilimfanya dada mtu atoke nje kidogo.

Wote watatu walikuwa sebuleni chini ya taa, wanawake wameketi. Dereva alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Gari gani?" mkewe alimuuliza mdogo wake kwa mara nyingine. "Kubwa? Dogo? Rangi gani?"

Msusi alimtazama shemeji yake. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama vile mtu anavyolitazama basi la mbali, kuona kama litasimama.

"Sikuliona vizuri, Dada," alisema.

Na Dereva, badala ya kuona aibu, alipumua. Bega moja likashuka, kisha la pili. Akasema, "Pole sana, shemeji. Madereva wengine hawana utu kabisa." Akaenda kuoga. Huko bafuni akajisikia anapiga mluzi, akajinyamazisha.

Mtu akilishwa na mwenzake hugundua mambo. Hugundua kuwa kijiko cha pili huja kabla cha kwanza hakijamezwa. Hugundua kuwa kuwashwa pua ni mkasa. Msusi alilishwa, alioshwa, alifungwa vifungo na kufunguliwa, na kila alipotaka kwenda haja ilibidi aite. Dada yake aliomba ruhusa kwa dobi. Dobi akampa, huku akimkumbusha kuwa wapiga pasi hawaadimiki mjini.

Wateja walianza kuja kutoa pole. Mmoja, aliyekuwa anajiandaa kuolewa, alikuja na mfuko wa machungwa, akaitazama plasta mbele na nyuma, akauliza kama Jumamosi vidole vitakuwa vinafanya kazi. Alipoambiwa havitafanya, akasema poleni sana, akaomba aelekezwe kwa msusi mwingine mzuri. Machungwa aliyaacha, kwa hilo tumshukuru.

Dereva naye alikuwa amepatwa na wema. Alileta mto laini wa kuegemeza mikono. Alileta redio chumbani kwa shemeji yake bila kuombwa. Alinyanyua ndoo za maji, kazi ambayo mgongo wake ulikuwa umeikataa tangu ndoa. Mkewe aliona, akaguswa, akamwambia mdogo wake, "Ukimwona hivi, ana moyo mwema."

"Ndiyo, Dada," Msusi alijibu, akageukia ukutani.

Wema huo ungeweza kuendelea vizuri kama Dereva angejua kufunga mdomo. Lakini mtu aliyesalimika hupenda kutoa mawaidha. Jioni moja wakila, mkewe akimlisha mdogo wake wali kwa kijiko, alianza.

"Mimi siwatetei madereva," alisema, ndiyo dalili ya kwanza ya mtu anayekwenda kuwatetea. "Aliyekugonga ana makosa. Lakini na sisi tujiulize. Zile saa za jioni si saa za baiskeli. Dereva kachoka, bosi anamsukuma, honi huku na huku. Halafu jua linampiga machoni, haoni kitu. Mtu kama huyo, hata akikugusa, si kwamba..."

"Jua lilikuwa mgongoni, shemeji," Msusi alisema.

Kijiko cha Dereva kikasimama hewani.

"Lilikuwa mgongoni kwangu na mgongoni kwako," Msusi aliendelea kwa sauti ileile. "Mimi nilikiona kivuli cha gari lako mbele ya gurudumu langu kabla sijaliona gari lenyewe."

Mkewe hakuelewa mara moja. Alitabasamu hata, akidhani ni utani kati ya mtu na shemeji yake. Kisha akamtazama mumewe, na uso wa mumewe ukamweleza kila kitu, maana ulikuwa umelegea kama nguo iliyotolewa majini. Akakiweka kijiko kwenye sahani.

"Ni wewe?"

"Ngoja nikueleze."

"Nimeuliza, ni wewe?"

"Bosi alikuwa ananiharakisha. Alisema kata kona, nikakata. Nilimwambia nimemgusa mtu. Nilimwambia! Akasema twende."

"Ulijua ni yeye?"

Dereva akachagua jibu. "Sikujua," alisema. "Ningejuaje? Mtu kanipa mgongo..."

"Ulinitazama kwenye kioo," Msusi alisema. "Nikakutazama. Nikainua na mikono ili uone. Nikasema moyoni, ameniona, anashuka. Taa za breki ziliwaka. Nikafurahi, unajua? Nimekaa pale chini, mikono inaning'inia, nikafurahi kwamba angalau aliyenigonga ni mtu wa nyumbani."

Mkewe alikuwa akikunja na kukunjua kitambaa cha kufutia mdomo wa mgonjwa.

"Ningefanya nini?" Dereva alisema hatimaye, na sauti yake ikawa na uchungu wa kweli, uchungu wa kujihurumia. "Nikifukuzwa kazi, mtakula nini humu ndani?"

"Tutakula ninachokula mimi," mkewe alisema. "Mimi pia nafanya kazi. Labda ulisahau."

Akamgeukia mdogo wake. "Na wewe, kwa nini ulinyamaza?"

"Nilikuwa namngoja," Msusi alisema. "Nilijiambia, labda hajui aanzie wapi. Akaleta mto. Nikasema haya, ameanza na mto. Akaleta redio. Leo ndiyo kaleta mahubiri."

Asubuhi mkewe alimtuma kwa Mkurugenzi. Maneno aliyompa yalikuwa machache: aliyeumia ni mdogo wangu, mlikuwa wawili ndani ya gari, mje wote wawili mseme polisi. Njiani Dereva aliyarudia kwa sauti. Yalimtoka vizuri akiwa peke yake.

Mkurugenzi alikuwa amepanga vigae vya sampuli mezani na kuvibonyeza kimoja kimoja kwa kidole. Dereva alizungumza akiwa amesimama. Maneno yalipofika mwisho yalikuwa yamepungua. Polisi hawakuwamo tena.

"Kumbe ni shemeji yako!" Mkurugenzi alisema, akicheka kwa mshangao. "Mbona hukusema siku ile?"

"Nilitaka kusema, bosi."

"Ungesema! Mimi ni mnyama? Ungesema ni ndugu yako, tungesimama tu."

Hilo lilimchoma Dereva kuliko tusi lolote alilowahi kupewa ndani ya gari lile. Hakujua kama ni kweli. Mkurugenzi naye hakujua. Kwake ilikuwa rahisi kusema sasa, mpira ukiwa umeshakwisha.

"Lakini afadhali," Mkurugenzi aliendelea. "Angekuwa mtu baki, ingekuwa balaa. Huyu ni wa kwenu. Mambo ya ndani ya nyumba, mnakaa, mnazungumza, yanaisha. Ndugu hawapelekani polisi." Akafungua kabati nyuma yake, akapekua, akatoa mwavuli mpya wenye picha ya vigae na jina la kampuni. "Mpelekee. Mwambie namuombea apone haraka. Na ule mkwaruzo wa gari ushughulikie, sitaki kuuona."

"Asante, bosi," Dereva alisema. Alishukuru, tena kwa mikono miwili.

Alipofika nyumbani mkewe aliupokea ule mwavuli, akaufungua palepale sebuleni, akautazama ndani na nje. Kisha akacheka. Alicheka peke yake, bila furaha, mpaka Dereva akasogea kando.

"Kakuombea upone," alimwambia mdogo wake. "Kakuletea na huu."

Msusi aliitazama mikono yake miwili myeupe. "Nitaushika na nini?" aliuliza. Halafu akasema, "Dada, nivishe viatu. Twende kituoni."

Dereva akasimama mlangoni. "Shemeji, tafadhali. Tuko ndani ya nyumba moja. Watu watatuonaje?"

"Watatuona tunatembea kwa miguu," mkewe alisema. "Pisha."

Kituoni walikuta koplo mwenye miwani, anayekata kucha juu ya faili la mtu mwingine. Alisikiliza huku akiendelea na kidole gumba.

"Saa za jioni?" alisema. "Dada yangu, saa hizo hata sisi wenye magari tunaiogopa barabara ile. Wewe na baiskeli ulifuata nini?"

"Nyumbani," Msusi alisema.

Koplo akaacha kukata kucha. Akatafuta kalamu. "Haya. Dereva unamfahamu?"

Hapo Msusi akashindwa. Alikuwa ameyabeba maneno hayo tangu pale kwenye lami, karibu na duka la dawa, na sasa kando yake amekaa dada yake aliyempa chumba, aliyemlisha asubuhi ile, na jina linalotakiwa ni la mwanamume wa dada huyo. Akafungua mdomo, akaufunga. Koplo akaanza kuchora duara pembeni mwa karatasi.

"Ni mume wangu," dada mtu alisema. "Andika. Na nyuma yake alikaa bosi wake. Andika na huyo."

Kampuni ilijibu upesi kuliko inavyowajibu wateja wake. Ofisa wake alifika kituoni akaeleza kuwa siku hiyo Mkurugenzi hakuwemo garini kabisa; dereva alilichukua gari kwa shughuli zake binafsi, bila idhini. Dereva aliambiwa habari hizo na mlinzi wa getini, ambaye pia alikuwa ametumwa kuchukua funguo. Mlinzi aliomba radhi. Ndiye pekee aliyeomba radhi katika mkasa huu wote, na hakuwa na kosa.

Dereva alirudi nyumbani mchana, jambo ambalo halikuwahi kutokea, akakaa kwenye ngazi ya uani. Msusi alikuwa pale, anaota jua. Kwa muda mrefu Dereva alikuwa akitafuta namna ya kuanza, na alipoanza ilimtoka kama mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Amenikana, shemeji. Anasema hakuwemo. Miaka yote ile namwendesha, anasema hakuwemo!"

Msusi aligeuzia uso upande wa jua.

"Wewe ulimwona. Ulituona wawili. Ukisema ulimwona, hawezi kukataa. Nakuomba. Sema tu ulimwona."

"Nilimwona," Msusi alisema. "Alikuwa ameshika simu. Hakugeuka hata kutazama."

"Basi utasema?"

"Nitasema. Lakini usinishukuru. Nitasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Ungekuwa hukuwemo wewe, ningesema hukuwemo."

Dereva alimshukuru hivyo hivyo. Machozi yalimtoka, akataka hata kumshika mkono, akakuta plasta, akaugusa mto aliouleta yeye mwenyewe.

Neno la Msusi na la mwenye duka la dawa, ambaye naye alikuwa ameuona upara wa Mkurugenzi ukimeremeta kiti cha nyuma, yalitosha kumleta Mkurugenzi kituoni. Alipoingia, koplo alisimama. Akamtafutia kiti chenye mgongo, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati. Wanawake walibaki kwenye benchi. Dereva aliwekwa katikati, kiti chake kando ya kiti cha bosi wake, magoti yakikaribia kugusana.

Mkurugenzi alizungumza kwa ulaini. Ndiyo, amekumbuka, huenda alikuwemo. Mtu mwenye shughuli nyingi huchanganya siku. Lakini alikuwa amezama kwenye simu, hakuona kitu, hakusikia kitu. Dereva ndiye mwenye barabara.

Koplo akamgeukia Dereva. Kwa mara ya kwanza alimtazama kama mtu. "Sikiliza," alisema. "Hapa ndipo penyewe. Kuna mtu alikuambia ukate kona ile? Baada ya ajali, kuna mtu alikuambia uondoke? Ukisema ndiyo, naandika ndiyo."

Mkewe alijiinua kidogo kutoka kwenye benchi. Pamoja na yote, pamoja na kioo, mwavuli na mahubiri, alikuwa bado amebakiza kitu kidogo kwa ajili ya mtu huyu, na sasa alikiweka chote mbele yake. Hata Msusi alikuwa amemkazia macho. Neno moja tu, tena limeulizwa kwa upole, na limeshatafunwa.

Mkurugenzi akaguna. Alitoa ule mguno wa pua, mfupi, akijitengeneza kwenye kiti.

"Hapana," Dereva alisema, akitazama sakafu. "Niliamua mwenyewe."

"Una hakika?"

"Bosi hakusema kitu."

Mkurugenzi akampapasa goti mara mbili, kama mtu anayemtuliza mnyama aliyesimama vizuri wakati wa kuoshwa. Koplo akaandika. Aliandika polepole, huku akitikisa kichwa, na alipomaliza akageuza karatasi ili Dereva aisome kabla ya kutia saini. Wakati huo mkewe alikuwa ameshasimama, anamsaidia mdogo wake kuinuka kwa kumshika kiunoni.

"Mama," koplo alimwita, "mumeo bado hajamaliza. Humsubiri?"

"Hapana," alisema. "Nina mtu wa kumrudisha nyumbani."

Mahakama ilimnyima Dereva leseni kwa muda na kumtaka agharamie matibabu. Siku chache baadaye alirudi nyumbani jioni, saa ile ya honi, akitembea kwa hatua za mtu mwenye habari. Mkewe alikuwa amekwisha kuhamishia godoro lake chumba cha uani. Nguo zake pia, na picha ya mama yao. Hawakugombana juu ya hilo. Alihamisha kitu kimoja kimoja, mchana, kama mtu anayeanua nguo.

Wanawake wawili walikuwa mezani. Plasta ya mkono wa kushoto ilikuwa imetolewa, na vidole vilivyokuwa chini yake vilikuwa vyembamba, vya kijivu, vigumu kukunjika. Msusi alikuwa amejaribu kusuka msuko mmoja wa dada yake mchana ule, dada mtu akimshikia ncha za nywele. Ulimchukua muda wa kusuka kichwa kizima, na ulikuwa umepinda. Dada mtu alikataa kuufumua.

"Bosi hajanisahau!" Dereva alisema kabla hajaketi. "Kanirudisha kazini. Stoo, lakini amesema ni kwa muda tu. Kanishika bega mbele ya watu wote, akasema, huyu ni mtu mwaminifu."

Akavuta kiti, akatazama meza, akafunua sufuria. Lilikuwa tupu, limeshakwanguliwa.

"Mbona hamjanibakizia?"

Mkewe aliinua kijiko, akakipuliza kidogo kipoe.

"Tulidhani umekula kwa bosi wako," alisema.

Na mdogo wake akafungua mdomo, akalishwa tonge la mwisho.